Sheikh Aliyeuawa Biyoley

Alasiri moja ya mwezi wa Februari, mvulana wa miaka kumi na mmoja alirudi kutoka shuleni na kazi ya kufanyia nyumbani. Kila mwanafunzi alitakiwa amchague mtawala au mwanachuoni mmoja mashuhuri kutoka nchi walikotoka wazee wake, atafute habari zake, kisha atengeneze bango la kubandikwa darasani. Nyumbani kwao ni Cedar-Riverside, mtaa wa Minneapolis ulio kando ya mto Mississippi, katika mojawapo ya majengo marefu ya Riverside Plaza. Majengo hayo yalikamilika mwaka 1973 kwa ramani ya msanifu Ralph Rapson, na vibao vyake vya rangi nyekundu, njano na buluu huonekana kutoka mbali hata theluji inapoanguka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wasomali waliokimbia vita wamekuwa wakihamia Minnesota, na majengo haya yamekuwa kwa wengi wao nyumba ya kwanza katika nchi ya ugeni. Mvulana huyo amezaliwa humo. Hakuchukua muda kuchagua. Kabla ya magharibi alikuwa amekwisha kuchapisha picha ya sanamu iliyosimama zamani Mogadishu: mwanamume juu ya farasi, Sayyid Muhammad Abdille Hassan.

Alimpelekea bibi yake ili asifiwe. Bibi, mzaliwa wa Barawa, alivaa miwani, akaitazama picha kwa muda mrefu, kisha akaiweka mezani kifudifudi.

"Huyu," akasema, "ndiye ambaye watu wake walimuua Sheikh."

"Sheikh gani, Bibi?"

"Sheikh Uways. Sheikh wetu."

"Lakini huyu alipigana na Waingereza. Miaka ishirini."

"Alipigana nao, kweli. Na sheikh wetu, mwanangu, alikuwa Muingereza?"

Mvulana hakuwa na jibu. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba katika hadithi ya mashujaa wa Pembe ya Afrika mlikuwa na maiti wa aina hiyo.

Maiti huyo ana jina na tarehe. Sheikh Uways bin Muhammad alizaliwa Barawa mwaka 1847, katika mji wa pwani ulio kusini-magharibi ya Mogadishu, hakuwa mtoto wa ukoo wa watawala, akasoma kwa masheikh wa mji wake, kisha akasafiri hadi Baghdad kupokea tarika ya Qadiriyya penye kaburi la mwasisi wake. Aliporudi alizunguka Benadir akifundisha, akaanzisha makazi ya wafuasi waliolima na kusoma pamoja, akatunga kasida kwa Kiarabu, kwa Kisomali na kwa Chimiini, lugha ya watu wa mji wake. Masultani wa Zanzibar, kuanzia enzi ya Sayyid Barghash, walimkaribisha kwao. Zikri nyingi za Qadiriyya zilizoenea Unguja na Bagamoyo, zikapanda bara hadi Tabora na mashariki ya Kongo, zina nasaba inayopitia kwake au kwa makhalifa wake. Mwezi wa Aprili 1909, akiwa Biyoley, kijiji cha bara mbali na bahari, alivamiwa na kundi la wapiganaji wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan. Wakamuua pamoja na wanafunzi wake.

Sayyid naye hakuwa mtu wa upanga pekee. Alikuwa mwanachuoni aliyehiji Makka, akapokea huko tarika ya Salihiyya, akarudi kwao na hamu ya kutengeneza dini ya watu wake. Kuanzia 1899 aliongoza vita dhidi ya Waingereza, dhidi ya Waitalia na dhidi ya dola ya Uhabeshi, akajenga ngome za mawe, akaamuru, akahukumu, akasamehe na akaua. Mapema mwaka 1920 ndege za kivita za Uingereza ziliishambulia ngome yake kuu ya Taleh, na mwishoni mwa mwaka huohuo akafariki kwa mafua huko Imi, katika nchi ya Ogaden, akiwa mkimbizi. Mashairi yake ya Kisomali yamehesabiwa miongoni mwa yaliyo bora kabisa katika lugha hiyo. Serikali ya Somalia huru ilipotafuta baba wa taifa ilimwona yeye, ikamtengenezea sanamu, na watoto wakafundishwa beti zake shuleni.

Kati ya watu hao wawili palikuwa na ugomvi wa elimu kabla haujawa ugomvi wa damu. Qadiriyya ya Sheikh Uways ilikubali tawasuli, yaani kumwomba Mungu kwa jaha ya mawalii walio hai na waliokufa, na ziara za makaburi yao. Salihiyya ya Sayyid ilikataa kuwafanya wafu kuwa njia ya dua. Sheikh alitunga kasida ya kuwapinga, na wao wakajibu. Mjadala kama huo uliwahi kufanyika katika baraza za misikiti tangu Zeila hadi Kilwa bila mtu kupoteza maisha. Kilichoubadilisha ni dola iliyokuwa mkononi mwa mmoja wa wajadili. Mwanachuoni mwenye jeshi alipomtaja mwenzake kuwa mpotovu, palikuwa na watu tayari kupanda farasi.

Bibi wa Riverside Plaza hajasoma lolote katika haya kitabuni. Ameyapata kwa mama yake, naye kwa mama yake, katika nyumba ambayo kila usiku wa kuamkia Ijumaa zilisomwa kasida za Sheikh. Kwake yeye, mwaka 1909 ni mwaka wa misiba miwili. Mwaka huohuo alifariki Sheikh Nureni Ahmed Sabir, kadhi wa Barawa, na kwa ajili ya mauti yake Dada Masiti alitunga shairi ambalo watu wa mji huo hulijua kuliko shairi lingine lolote. Dada Masiti, ambaye jina lake hasa ni Mana Sitti Habib Jamaladdin, alikuwa wakati huo mkongwe. Masimulizi ya Barawa yanasema kwamba alichukuliwa akiwa msichana mdogo akapelekwa Zanzibar, akapata taabu huko kwa miaka kadhaa, kisha akarudishwa kwao, na kwamba kutokana na taabu hizo aligeuka akashika elimu na ibada. Alifariki mwaka 1919, na kaburi lake likawa mahali pa ziara. Mjukuu alipoambiwa kwamba mwanachuoni anaweza kuwa mwanamke, na kwamba bango lake lingeweza kuwa la Dada Masiti, aliuliza kama yuko kwenye intaneti. Bibi akamjibu kwamba yuko kichwani mwake.

Jibu hilo lina ukweli unaopaswa kutia hofu. Chimiini ni ndugu wa Kiswahili, tena ndugu wa kaskazini kabisa. Jina lake lina maana ya lugha ya Miini, na Miini ndivyo wenyeji waitavyo Barawa. Mswahili wa Lamu akiisikia hushika maneno mengi na kupoteza mengine. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Barawa iliporwa na makundi ya wapiganaji mara kwa mara. Watu wake, ambao hawakuwa na jeshi la ukoo la kuwalinda, walipanda mashua kwenda Mombasa, wakaishi miaka kadhaa katika makambi ya huko, kisha wakatawanyika. Ukiuliza Wabarawa wa Marekani wako wapi, utaelekezwa kwanza Columbus na Atlanta. Minneapolis ni wachache, tena wamo ndani ya bahari ya Wasomali wengine. Mjukuu huyu husikia Chimiini kwa bibi, Kiswahili cha Mombasa kwa mama, Kisomali katika korido na sokoni Karmel Mall, na Kiingereza kila mahali. Lugha mbili za kwanza anazielewa, ila hujibu kwa ile ya mwisho.

Ni kweli kwamba yapo maandishi. Mohammad Imam Abasheikh, mwana wa Barawa, aliandika tasnifu ya udaktari juu ya sarufi ya Chimiini katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1978, kabla hapajakuwa na mkimbizi hata mmoja wa Barawa Minneapolis. Rejista ya mahakama ya makadhi wa Barawa ya miaka ya 1893 hadi 1900 ilichapishwa mwaka 2006, na humo msomaji huona watu wakiuza mashamba, wakidai madeni, wakitalikiana, wakiandika wasia. Mashairi ya dini ya mji huo, yale yaitwayo steenzi, yalikusanywa na kutolewa kwa kitabu kikubwa mwaka 2018. Maktaba za vyuo vikuu zinavyo vitabu hivyo. Lakini shairi lililotungwa ili liimbwe na wanawake pamoja, na watoto walisikie wakisinzia, haliwezi kuhesabiwa kuwa limeokoka kwa sababu limo kabatini.

Kwa Waswahili wa kusini, deni lililopo hapa halijalipwa. Watu wengi wa Unguja na Mombasa husema juu ya Pembe ya Afrika kana kwamba ni nchi ya mbali iliyoleta vita na wakimbizi. Wanasahau kwamba ilileta makadhi. Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, aliyefariki mwaka 1869, alitoka Barawa akawa kadhi wa Zanzibar katika enzi ya Sayyid Said. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdulaziz al-Amawi, naye mzaliwa wa Barawa, alifanywa kadhi wa Kilwa akiwa bado kijana, kisha akahudumu Zanzibar chini ya masultani kadhaa na kujadiliana na wamisionari wa Kiingereza juu ya vitabu vyao na vyake, hadi alipofariki mwaka 1896. Watu hawa hawakuona mpaka kati ya Benadir na Mrima. Pepo za msimu ziliwapeleka na kuwarudisha, na lugha zao zilielewana. Mpaka uliochorwa baadaye na mataifa ya Ulaya ndio unaomfanya mtoto wa leo aandike kwenye bango lake neno Somalia na kumwacha nje mwalimu aliyezikwa Unguja.

Siku iliyofuata mvulana aligundua kwamba si bibi yake peke yake mwenye kumkataa shujaa wa mwenziwe. Mwanafunzi mmoja Msomali alikuwa amemchagua Imam Ahmad bin Ibrahim al-Ghazi, aliyeongoza jeshi la Adal dhidi ya wafalme wa Uhabeshi tangu mwishoni mwa miaka ya 1520 hadi alipouawa mwaka 1543. Wasomali humwita Gurey. Msichana aliyekaa naye meza moja, ambaye familia yake ni Wakristo wa Ethiopia wanaoishi Saint Paul, alisema kwamba kwao mtu huyo huitwa Gragn, na kwamba alichoma makanisa. Majina hayo mawili, la Kisomali na la Kiamhara, yana maana moja, mtu wa mkono wa kushoto. Kwa miaka karibu mia tano watu wa nyanda za chini na watu wa milimani wamemwita mtu mmoja kwa sifa ileile ya mwili, hawa kwa fahari, hawa kwa kuogofya watoto. Katika nchi zao, kumbukumbu hizo mbili zinaweza kuishi mbali mbali, kila moja na shule yake na sanamu yake. Darasani Minneapolis zilikuta zinatumia gundi moja.

Mwanafunzi mwingine, Mwoромo wa Saint Paul, hakumleta mtawala hata kidogo. Alileta karatasi yenye herufi ambazo hakuna mwalimu aliyeweza kuzisoma. Zilibuniwa katika miaka ya 1950 na Sheikh Bakri Sapalo, mwanachuoni wa Hararge aliyezaliwa mwaka 1895, kwa sababu aliona kwamba hati ya Kiarabu na hati ya Kihabeshi hazitoshi sauti za lugha ya watu wake. Dola iliyotaka lugha moja ya kuandikia haikupendezwa, ikamwekea vizuizi. Vita vya Ogaden vilipokwisha, mzee huyo alivuka kuingia Somalia, na mwaka 1980 akafariki katika kambi ya wakimbizi. Watoto wa wakimbizi wa Minnesota wanapoambiwa juu ya wanachuoni wakubwa wa kale, ni vyema waambiwe pia kwamba mmoja wao alikufa akiwa na hali ileile waliyokuwa nayo wazee wao.

Kutokana na habari hizi ni rahisi kujenga fundisho jepesi, kwamba watawala huacha mawe na masheikh huacha elimu, na kwamba elimu hushinda. Fundisho hilo halisimami. Sayyid aliyejenga ngome ndiye huyohuyo aliyetunga mashairi, na mashairi yameishi kuliko ngome. Sheikh Uways aliyefundisha zikri alikula pia karamu za masultani, na safari zake zilifunguka kwa sababu watawala walimpenda. Ahmad Gurey aliitwa imamu kabla hajaitwa mshindi. Katika Pembe ya Afrika, kama katika pwani ya Waswahili, kilemba na upanga vilikaa mara nyingi katika nyumba moja. Swali la maana zaidi ni kile kinachotokea siku viwili hivyo vinapogombana, na nani anaruhusiwa kukisimulia baadaye. Taifa lilichagua kumsimulia Sayyid, na lilikuwa na sababu zake, maana mtu aliyewasumbua wakoloni kwa miaka ishirini hastahili kusahauliwa. Ili picha iwe safi, likawaacha Biyoley waliouawa. Bibi naye, kwa uchungu wake, humsimulia Sheikh na kuwaacha wale waliokufa Taleh chini ya mabomu. Kila mmoja ana marehemu wake anaowahesabu.

Ugomvi wenyewe haujakwisha. Katika korido ya ghorofa ileile yuko jirani, mwanamke mwema ambaye humletea bibi supu anapougua, aliyepata kumwambia kwa upole kwamba kusoma kasida za mawalii ni bidaa na kwamba afadhali asome Kurani tu. Misikiti mingi ya leo haina nafasi kubwa kwa zikri za tarika kama zile za Barawa, na vijana wengi hufundishwa mambo ambayo Sheikh Uways angeyajadili hadi alfajiri. Bibi humsikiliza jirani, humshukuru kwa supu, na Alhamisi usiku hufunga mlango akasoma kwa sauti ya chini. Lakini adhana wanaisikia pamoja. Mwezi wa Aprili 2023 Minneapolis ilikuwa jiji kubwa la kwanza la Marekani kuruhusu adhana zote tano zitolewe kwa vipaza sauti mwaka mzima. Mafanikio hayo yaliwafurahisha watu ambao, mwaka 1909, wangeweza kusimama pande mbili za shimo moja. Huenda hiyo ndiyo fursa ambayo ugeni umewapa. Hapa hakuna sheikh mwenye jeshi. Anayetaka kumshinda mwenziwe kwa hoja analazimika kubaki na hoja.

Fursa hiyo hudumu kama kila upande bado una kitu cha kusema, na hapo ndipo nyumba ya bibi ilipo dhaifu. Jirani ana vitabu, mihadhara na misikiti. Bibi ana kichwa chake na lugha ambayo mjukuu hajibu kwayo. Akiondoka, Biyoley haitakanushwa na mtu yeyote. Itakosa tu wa kuitaja. Katika mapokeo ya masheikh, elimu huthibitishwa kwa silsila, fulani amepokea kwa fulani, hadi mwanzo. Silsila huvunjika mara nyingi zaidi kwa mtoto aliyeambiwa jambo akaelewa nusu kuliko kwa adui.

Mwalimu alikuwa ametaka mtu mmoja tu kwa kila bango. Jumapili usiku mvulana aligeuza tena picha iliyolazwa kifudifudi, akaibandika. Sayyid alibaki katikati, juu ya farasi wake. Chini yake aliandika kwa Kiingereza miaka ya vita, majina ya maadui, Taleh na ndege, na kwamba alikuwa mshairi. Kisha akaacha nafasi, akaandika kwamba mwaka 1909 wapiganaji wake walimuua mwanachuoni aitwaye Sheikh Uways, wa Barawa, mji wa bibi yake.

Bibi alimtaka amsomee. Akasoma kwa Kiingereza.

"Nisomee kwa Chimiini."

Mvulana alianza. Jina alilijua, mwaka aliutamka kwa Kiingereza, mji aliuita Miini bila kukosea. Alipofika kwenye kuuawa akasimama. Neno hilo hakuwahi kulihitaji nyumbani. Bibi akampa. Akalirudia, bibi akamsahihisha irabu iliyopaswa kuvutwa, akalirudia tena. Kisha akachukua kalamu ya risasi akaliandika neno lile pembeni mwa bango, kwa herufi ndogo, kama alivyolisikia.

"Sasa anza mwanzo," bibi akasema.